Siku Dada Alipolala

Jambo la kwanza lililotutisha lilikuwa kicheko. Tulikuwa tumekwenda kuhani kwa jirani wa mama, mtaa wa Nguvumali mjini Tanga, aliyefiwa na mumewe. Mimi nilikaa barazani na wanaume, na wanawake walikuwa mikekani uani, wakimsikiliza mjane akieleza jinsi marehemu alivyoomba maji akafa kabla hayajamfikia. Katikati ya maelezo hayo mtu akacheka. Nilikijua kicheko kile tangu utotoni, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza ni nani. Hakikuwa kicheko cha kuteleza kikakatizwa. Kilimshika dada yangu kikamtikisa mpaka kanga ikamwanguka kichwani, kisha kikageuka kuwa kilio, na waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba hawakuona pahali kimoja kilipoishia na kingine kilipoanzia.

Mke wangu alimshika mkono akamtoa nje. Njiani tulimuuliza alichokiona cha kuchekesha. Akasema hakuona kitu.

"Kimetoka tu, wifi," alimwambia mke wangu. "Kama kikohozi."

Anayesoma haya hana budi kujua kwamba katika ukoo wetu dada ndiye aliyetufundisha jinsi ya kukaa msibani. Yeye ndiye aliyetubana mapaja tulipokuwa watoto tukichekacheka kwenye hitima. Mtu wa aina hiyo akicheka mbele ya mjane, kilichoharibika si adabu yake.

Mama yetu alikuwa amepigwa na kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia wa mwili, kikamchukua na ulimi, kikamwachia macho. Tena kilimpindulia usiku na mchana. Jua likiwa juu alilala kama kichanga. Ikishapita isha alizinduka, akavuta mashuka, akaguna, akajaribu kusimama kwa mguu usiomtii. Dada, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa mama baada ya ndoa yake kuvunjika, aliichukua zamu hiyo peke yake. Mimi na mke wangu tulikuja kutoka Mabawa mara kwa mara tukamwomba atuachie walau sehemu ya usiku. Alitushukuru na kutukatalia.

Kukataa kwake kulikuwa na mzizi. Kabla ya maradhi, mama alimwambia mbele yetu sote: "Mimi nikifa asiniguse mwosha maiti wa kuitwa. Utanitia maji wewe." Dada akajibu insha Allah, na tangu mama alipoanguka alikaa kama mtu aliyepewa miadi bila kuambiwa saa. Aliogopa kwamba akilala, mama ataondoka yeye akiwa usingizini. Katika miezi ile yote hakutaka kingine. Alitaka awepo, na amwoshe mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Yote ninayoyaeleza yalitokana na hilo.

Mtu atauliza kwa nini hakulala mchana, wakati mama naye amelala. Asubuhi ni ya kazi, na ni ya wageni. Kwetu mgonjwa hatazamwi mara moja, na kila anayekuja kumtazama lazima apokewe, aketishwe, apewe chai, asimuliwe upya jinsi ilivyoanza. Adhuhuri ni ya jikoni. Ni baada ya alasiri tu, wageni wakiisha kutoka na mama akiwa bado hajaamka, ndipo nyumba ilipotulia na macho ya dada yakaanza kufumba juu ya kiti. Na hiyo ndiyo saa ambayo shangazi alimwamsha.

Shangazi ni dada wa baba yetu marehemu, na alihamia pale ili asaidie. Kwake, kama kwa watu wengi wa pwani hii, anayelala baina ya alasiri na magharibi anajitafutia wazimu. Alimwendea dada polepole, akamgusa mashavu kwa kiganja kilicholoweshwa maji.

"Amka mwanangu, jua linashuka," alimwambia. "Wataka uzinduke na akili za kuku?"

Dada alishtuka, akanawa uso, akamshukuru. Niliyaona hayo mara nyingi, na kila mara yalifanywa kwa upole wa kweli. Imani hiyo watu huinasibisha na dini. Nimeitafuta vitabuni, na mashekhe niliowauliza walitofautiana; wengine walisema wazi kwamba ni maneno ya wazee tu. Lakini hofu yake haingoji hukumu ya shekhe. Aliyekutwa amesinzia saa ile huamshwa kama anavyovutwa mtoto aliyekaribia moto. Hivyo, kwa kumwogopea wazimu, nyumba nzima ilikuwa ikimsogeza kwenye wazimu kila siku, kwa mkono uliotiwa udhu.

Baada ya kicheko yakafuata mengine. Alianza kupotewa na hesabu ya rakaa, akamwomba mke wangu akae nyuma yake amhesabie, jambo lililomwaibisha zaidi ya maradhi yoyote. Chumvi aliitia mara mbili, kisha akawa haitii kabisa. Siku moja uji wa mama aliwaandalia wageni katika vikombe vya chai, akarudi jikoni akiwa ameridhika. Maneno nayo yakaanza kumhama. Aliomba aletewe mlango akitaka ndoo, na alipoletewa ndoo alikasirika kwamba hatujamsikiliza.

Kilichoniuma zaidi ni kuona mzaha ukimtoka. Kulikuwa na muuza samaki aliyepita na baiskeli, na kwa miaka hawakuweza kuuziana hata dagaa bila kutaniana kwanza. Siku moja alimkuta dada mlangoni amekunja uso, akamwambia kama ilivyokuwa kawaida yao: "Bibi leo umeninunia. Au yule changu wa jana kanisengenya kwako?" Dada alimkazia macho kama anayesoma maandishi asiyoyajua. Kisha akachukua samaki aliokuwa ameshawapokea, akawamwaga mchangani, akamwambia asipite tena mtaa ule yeye na ulimi wake mchafu. Muuza samaki aliwaokota mmoja mmoja akiwapangusa mchanga. Aliponipita alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huyu si yeye," akasukuma baiskeli yake bila kuipanda.

Kisha ikaja shuku. Aliamini mke wangu anabadilisha dawa za mama. Alizificha, akasahau alikozificha, na kule kusahau kukawa ushahidi mpya dhidi ya wifi yake. Mke wangu alivumilia. Nilimwona akitoka chumba cha mgonjwa na macho mekundu, nami nikimuuliza ananiambia ni moshi.

Na baada ya shuku, sauti. Nilikuwa nimekaa na dada sebuleni, mchana unaelekea jioni, mama amelala chumba cha pili. Dada akainua kichwa.

"Ameniita," alisema.

Nikamkumbusha kwamba mama hasemi.

"Ameniita kwa lile jina langu la utotoni. Na wewe umesikia, unaficha tu."

Hakusema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningelijua la kumjibu. Alisema kwa utulivu wa mtu anayekuarifu kwamba chai iko tayari, akaenda, akarudi, akaniambia mama amelala tena. Tangu siku ile kila nilipokaa sebuleni nilijikuta natega sikio. Mimi ni mtu niliyesoma, na kazi yangu ni kuwafundisha wengine watofautishe lililopo na lisilokuwepo. Lakini nyumba ikishaambiwa kwamba kuna anayeita, hata ukimya wake hubadilika. Feni ilipozunguka nilisikia mwanzo wa jina, na sikuwahi kusikia mwisho wake.

Siku chache baadaye alimwona baba, ambaye tulikuwa tumemzika zamani. Alimwona mlangoni mwa chumba cha mama. Hakumwogopa, alimlalamikia. Alimlaumu kwamba amesimama pale bila kuvua viatu na anamletea mchanga ndani, naye ametoka kufagia sasa hivi. Alichukua ufagio akafagia kizingiti kisicho na mchanga, na shangazi akavuta buibui lake akatoka nje.

Jioni hiyo shangazi alitoa hukumu. Dada ana pepo, alisema, na pepo wa aina hiyo hatoki kwa panadoli; aitwe fundi, ipigwe ngoma mpaka alfajiri, pepo aseme anachotaka apewe aondoke. Nilimuuliza kama mtu anayekufa kwa kukesha anatibiwa kwa kukeshwa.

"Wewe kusoma kwako kumekomea kitabuni," alinijibu. "Haya mambo yana wenyewe."

Tukaachana kwa hasira. Sikumruhusu kuita fundi, lakini sikuwa na dawa nyingine ya kupendekeza, na katika nyumba ya Nguvumali kiganja chenye maji kiliendelea kushuka kila alasiri.

Yaliyovunja mabishano yalitokea chooni. Dada alimwogesha mama kila mchana kwa maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, ambayo aliyapoza kwanza. Siku hiyo mke wangu alipita na nguo za kuanika, akaona mvuke mzito juu ya beseni. Alipoingia, kata ya kwanza ilikuwa imeshamwagwa kwenye mguu. Mama, asiyekuwa na ulimi, alikuwa amefungua kinywa chote, na hakikutoka kitu. Dada aliimba kwa sauti ya chini, kama alivyomwimbia siku zote, na alikuwa anainua kata ya pili. Mke wangu alimdaka mkono.

Nilifika nikamkuta dada ameketi sakafuni akiutazama ule mguu ukivimba malengelenge. Hakuwa analia.

"Niliyapoza," alisema. "Nakumbuka niliyapoza. Niliyaonja kwa kiwiko."

Hakuwa anajitetea. Aliikumbuka kazi asiyoifanya, aliikumbuka mpaka kiwiko chake kilihisi uvuguvugu wa maji ambayo hakikuyagusa. Nimeona uongo mwingi katika maisha yangu ya ualimu na najua sura yake. Huu haukuwa uongo. Hapo nilielewa kwamba mtu anyimwapo usingizi hachoki tu. Akili yake huanza kumwandikia maisha mengine, nayo humpa aishi humo huku akidhani yuko nasi.

Daktari aliyekuja kuufunga mguu wa mama alimhoji dada kwa muda mrefu kuliko alivyomhoji mgonjwa. Mwishowe alinivuta kando. Alisema dada apelekwe mahali ambako hakuna anayemwita, aachwe alale mpaka aamke mwenyewe, asiamshwe kwa chakula, wala mgeni, wala jambo lolote. Na akishalala vya kutosha akiwa bado anasikia na kuona yasiyokuwepo, basi tumpeleke hospitali bila kuchelewa. Nilimuuliza itakuwaje akikatizwa usingizi huo. Akasema alivyofikia, hajui ni nani atakayeamka.

Tuliamua nimpeleke Mwera, upande wa Pangani, kwa mama mdogo. Mke wangu na shangazi wangebaki na mgonjwa. Dada alikubali kwa sababu ya mguu ule. Hakuthubutu tena kuushika. Lakini alipokuwa akiingia garini alisema, "Mama akizidiwa mtaniita." Sikumjibu. Nililibeba begi lake nikaliweka nyuma, naye alikuwa amechoka kiasi cha kutoona kwamba sikumjibu. Njia nzima aliuliza kama bomba la maji la nyumbani limefungwa.

Hata Mwera hakulala upesi. Aliketi ukingoni mwa kitanda ameegemeza kichwa upande mmoja, akisikiliza, na nje hakukuwa na lolote ila makuti ya minazi. Ni mama mdogo aliyemshinda. Alipanda kitandani akakaa nyuma yake, akamlaza kichwa kwenye paja kama mtoto anayesukwa nywele.

"Zamu yako imekwisha," alimwambia. "Sasa nakesha mimi."

Kulikuwa kumeshakucha. Dada akapumua mara moja kwa nguvu, na usingizi ukamchukua.

Siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, mke wangu alipiga simu. Mama alikuwa amekunywa uji kidogo, akageuzia uso ukutani, akafa. Hakuzidiwa, hakukuwa na kuzidiwa kokote. Wazee walishakutana, maziko baada ya alasiri. Mke wangu akauliza swali ambalo nilikuwa najiuliza kabla hajalisema: "Wifi mnamleta?"

Nilimwambia nitampigia. Mama mdogo alikuwa mlangoni na alikuwa ameshaelewa. Alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga ili kilio chake kisifike chumbani.

"Ni mama yake," alisema alipoweza.

"Najua."

"Ni wasia."

"Najua, mama."

"Basi mwamshe."

Nilikwenda mpaka mlangoni. Dada alilala chali, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, kinywa wazi kidogo. Uso wake ulikuwa umerudi. Sina namna nyingine ya kusema. Ule mkazo wa mtu anayesikiliza ulikuwa umemtoka, na chini yake nilimwona yule aliyetubana mapaja kwenye hitima. Nilijua kwamba nikitamka jina lake naweza kumpa alichokitaka kuliko vyote duniani. Nilijua pia nitakachompa pamoja nacho: safari ya barabarani, vilio, ua uliojaa watu, na usiku mwingine wa macho makavu. Nilijiuliza ni nani atakayesimama kumtia mama maji, yeye au yule aliyekumbuka kuyapoza. Maiti ana haki zake, na dini imeziwekea watu wengi wa kuzitimiza. Akili ya aliye hai ina mtu mmoja tu wa kuibeba. Hayo niliyafikiri pale mlangoni, na nimeyafikiri tena mara nyingi tangu hapo. Sijapata kuyapindua.

Nikarudi nikasema, "Mwache."

Mama mdogo alifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akasema, "Basi nenda ukamzike dada yangu. Mimi nabaki na huyu. Asije akaamka peke yake." Na hivyo yeye naye akakosa kumwona nduguye kwa mara ya mwisho, bila kunilaumu kwa neno.

Nguvumali waliniuliza yuko wapi. Niliwajibu ukweli, kwamba amelala. Neno hilo lilitembea mikekani kutoka mwanamke hadi mwanamke, na nilimsikia mmoja akisema, bila kujali kama namsikia, "Mamaye yu sandani, yeye kajinyoosha." Wengine waliguna. Mke wangu na shangazi ndio waliomwosha. Shangazi alitoka chumbani mikono ya nguo imelowa mpaka kwenye bega, akaja moja kwa moja nilipokuwa.

"Umechukua haki ya watu wawili," alisema. Kisha akaenda kukaa na wenzake. Mimi nikaingia chini ya jeneza pamoja na wanaume wengine, tukamchukua mama.

Dada aliamka kesho yake, jua limeshapanda. Mama mdogo alimweleza palepale kitandani. Walipowasili Tanga, dada alishuka garini akamwamkia shangazi shikamoo, akatoa mkono kwa kila mtu kwa mpangilio, akaketi alipopaswa kuketi. Alimwomba wifi yake radhi mbele ya wote. Hakukosea rakaa wala neno. Daktari alikuwa amesema kweli. Nasi tuliokuwa tumeomba arudi katika akili zake, tuliona kile alichorudishiwa: huzuni kamili, isiyo na ukungu wa kuikinga. Siku ya tatu alimwambia mke wangu kwamba amekaa sebuleni akingoja kuitwa, na hajaitwa. Alisema hata ile sauti imemwacha.

Naandika haya kwa sababu naona watu wakijisifia kukesha. Wanafunzi wangu hujivunia kutolala kabla ya mtihani, na mama wa kwetu anayejinyima usingizi kwa ajili ya mgonjwa tunamwita mwema, tunamwacha aendelee, na saa anayosinzia tunamwamsha. Huo si wema. Mwenye kumuuguza mgonjwa ni amana kama mgonjwa mwenyewe, na nyumba isiyomshika bega akalala ina sehemu katika kila kosa atakalolifanya macho yakiwa wazi. Shangazi nilimwambia haya. Alinisikiliza hadi mwisho, na mpaka leo hakuna anayelala alasiri mbele yake.

Dada hakuniuliza kitu kwa muda mrefu. Nilidhani tumelipita. Kisha mwaka jana, siku za kuelekea Idi, nilimkuta uani Nguvumali anapeta mchele. Aliuliza bila kuinua uso.

"Ulikuja mlangoni, siku ile?"

Nikamwambia nilikuja.

"Nikageuka?"

"Hukugeuka."

"Wala sikufumbua jicho."

"Wala hukufumbua."

Alipeta kidogo, akapuliza makapi. Akasema mimi ameshanisamehe. Kwamba nilimwonea huruma, na huruma haina kesi. Mwili wake ndio asiouelewa. Mama anaoshwa, nao umelala, haukushtuka hata kidogo. Nilianza kumweleza nilichokisoma, jinsi mwili uliofikia kikomo unavyozima masikio yake wenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma sura aliyoihifadhi. Niliponyamaza nikaona si haki nimwache na nusu ya ukweli. Nikamwambia kwamba yangetokea tena leo, nisingemwamsha.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana silali nyumbani kwako."